Klabu Isiyo na Majeruhi

Timu ya wanawake ilibadilishia nguo katika stoo ya mashine ya kukatia majani, kwa sababu vyumba vya kubadilishia vilikuwa viwili na vyote vya wanaume: kimoja cha wenyeji, kimoja cha wageni, hata siku ambazo hapakuwa na mgeni. Stoo ilinuka petroli. Kulikuwa na ndoo za chokaa ya kuchorea mistari, na benchi ambalo mmoja akikaa huku, wa kule anainuka. Kocha alikuwa na kawaida ya kufika kabla ya wachezaji wake. Alisukuma mashine ukutani, akafagia, akatundika jezi kwa mpangilio wa namba. Kisha alikaa juu ya ndoo, akakunja suruali, akafunga bandeji kwenye goti lake la kulia na kutoka kupanga koni.

Jina alilopewa na mama yake watu walikwisha kulisahau. Walimwita Msumari tangu enzi zake za kucheza, maana mpira alioupiga ulikwenda ulikotumwa, na ukifika hautoki. Shuleni walianza kwa kumweka golini, kwa kuwa hapakuwa na msichana mwingine aliyekubali kukaa golini. Siku moja aliliacha lango lake, akauvusha mpira uwanja mzima, akafunga, akarudi kusimama baina ya milingoti kama mtu aliyekwenda kunywa maji. Hakuwekwa golini tena. Akawa mshambuliaji wa kati, na kwa misimu mingi klabu ilimtegemea kama kipofu anavyoitegemea fimbo yake: bila kuitazama.

Goti lilimwacha katika nusu fainali. Aliruka kupiga kichwa, akatua vibaya, goti likalia kama kijiti kikavu. Mwamuzi mwenyewe aliinama kutazama amekanyaga nini. Daktari wa klabu alikuwapo, ila alikuwa amekuja na timu ya wanaume, ambayo ingecheza baada ya pale, na mwenyekiti alimkumbusha kwamba barafu ni kidogo. Basi Msumari alifungwa kitambaa na kipa wake, akamaliza mechi. Fainali nayo aliicheza, goti limevimba kama boga, akafunga goli la ushindi kwa mguu uleule. Likawa goli lake la mwisho. Klabu ilimshukuru kwa makofi. Baadaye nafasi ya kuifundisha timu ya wanawake ilipokuwa wazi, makocha wanaume waliipita kama watu wanavyopita sahani ya makombo, naye akaichukua.

Mambo yalianza katika msimu wake wa kwanza wa ukocha, wakifanya mazoezi ya kona. Beki wa kulia, msichana mrefu waliyemwita Twiga, aliruka, akatua juu ya mguu wa mwenzake, na kifundo kikapinda mpaka unyayo ukatazama pembeni. Alipiga ukelele mmoja, akakaa, akavua soksi. Kifundo kilikuwa kizima. Akavaa soksi, akarudi kwenye nafasi yake. Kando ya mstari, kocha alihisi kiatu chake cha kushoto kinambana. Alilegeza kamba. Kifundo chake kilikuwa kinaumuka polepole, kama donge la unga lililotiwa hamira.

"Kocha, umeteguka?" Twiga aliuliza.

"Wewe ndiye uliyeteguka. Rudieni kona."

Wakairudia.

Nyumbani, mama yake alikuwa kwenye cherehani. Alikuwa fundi wa kushona sare za shule, mwanamke wa maneno machache kwa sababu muda mwingi alikuwa na pini mdomoni. Alimwona binti yake akiingia akiburuta mguu ambao si ule wa siku zote, akainuka kuchemsha maji ya chumvi.

"Na huu umeumia lini?"

"Si wangu, mama. Ni wa beki wa kulia."

Mama alitoa pini mdomoni. "Basi yeye ndiye angekuja kuukanda. Mimi nina sare za watu." Lakini aliukanda.

Baada ya hapo wasichana hawakuuliza tena. Kiungo alichanika msuli wa paja na kocha ndiye aliyeshindwa kupanda ngazi. Winga alikanyagwa na njumu, na kucha ya kidole gumba cha kocha ikageuka nyeusi ikatoka. Kipa, waliyemwita Chiriku kwa kuwa alisema tangu filimbi ya kwanza hadi ya mwisho, alipigwa kiwiko cha mdomo kwenye msongamano wa kona. Aliyapitia meno yake kwa ulimi, akayakuta yote. Akageuka kutazama benchi. Kocha alikuwa ametema jino kiganjani na anafuta damu kwa mkono wa jaketi.

"Samahani, kocha!" Chiriku alipaza sauti.

"Samahani ya nini? Mpira kama huo unaufuata kwa ngumi. Domo lote hilo, na hukumwita beki wako!"

Wasichana wakajenga mazoea. Mmoja akianguka, hakujitazama mwilini. Alitazama mstarini kuona kocha ameshika wapi, ndipo akajua ameponea nini. Kuna kipindi walianza kuogopa kugombea mpira. Walikuwa wanapishana nao kwa adabu, kama wakwe mlangoni, na wakafungwa mechi mbili na timu ambazo hazikuwa za kuwafunga. Kocha aliwakusanya ndani ya stoo.

"Mimi sikuja hapa kutunzwa," aliwaambia. "Kama mnanionea huruma, shindeni."

Wakashinda. Timu nyingine zilikuwa zinakufa kidogo kidogo kila wiki, huyu nyama za paja, yule nyonga, lakini wao walikuwa walewale kumi na mmoja, wabichi kama asubuhi ya kwanza. Mwenyekiti wa klabu, mzee mnene mwenye sauti laini, alilitambua jambo hilo na likamfurahisha. Aliagiza kitambaa kirefu kitundikwe juu ya geti: KLABU ISIYO NA MAJERUHI. Kwa kuwa wasichana hawakuumia, aliwaongezea mechi za kirafiki. Na kwa kuwa hawakuumia, aliwahamishia mazoezi kwenye uwanja wa karibu na machimbo ya kokoto, ili majani ya uwanja mkubwa yapumzike kwa ajili ya wanaume.

Ikafika siku mshambuliaji wa timu ya wanaume akavutika msuli wa paja wiki moja kabla ya mechi kubwa. Mwenyekiti akaona njia. Aliamuru mchezaji huyo asimame karibu na kocha wa wanawake asubuhi nzima. Kijana alisimama pale, akitazama paja lake, kisha akimtazama kocha, kama mtu anayesubiri basi asilo na hakika nalo. Jua likapanda. Paja likabaki lake.

Waliitwa ofisini, kocha na daktari. Ofisi ilikuwa na kabati la vikombe lenye kufuli na feni iliyozunguka bila kuleta upepo.

"Nieleze, daktari," mwenyekiti alisema. "Ya wasichana anayapokea. Hili moja tu limemshinda nini?"

Daktari alikuwa mtu mpole, na mvi zilikuwa zimeanza kumwingia kando ya masikio. "Mzee, jeraha ni kama mgeni aliyechoka," alisema. "Linakaa pale linapokaribishwa. Hili paja nimelitazama mimi, nimelifunga, nimelipangia siku zake za kupona. Lina mwenyeji. Ya wasichana hayana mwenyeji. Yanatangatanga, yanaishia kwa yule anayeyatazama."

"Kwa hiyo wakipata daktari?" kocha aliuliza.

"Yatabaki kwao, na yatapona. Kile kifundo kilikuwa kitu cha wiki chache. Wewe umekiburuta mpaka leo kwa sababu kimefikia mwili usio wake."

Kocha akamgeukia mwenyekiti. "Basi mzee, dawa imepatikana. Tupeni daktari."

Mwenyekiti alitabasamu kwa masikitiko ya kweli; si mtu aliyependa kumnyima mtu kitu uso kwa uso. "Binti yangu, nikipeleka ombi hilo kwenye kamati, swali la kwanza watakaloniuliza ni: timu ya wanawake ina majeruhi wangapi? Niwajibu nini?"

"Wataje kwa jina langu."

"Wewe si mchezaji."

Feni ilizunguka. Daktari alikuwa anaitazama kana kwamba ndiyo mgonjwa wake wa siku hiyo. Walipokuwa wakishuka ngazi, kocha akitua mguu mmoja mmoja, daktari alimshika kiwiko.

"Dada, ningependa sana kusaidia. Ila mkataba wangu unataja timu ya wanaume peke yake."

"Najua," kocha alisema. "Ulikuwa unataja hivyo hata siku ile ya barafu."

Daktari aliendelea kumshika kiwiko hadi ngazi ya mwisho, kisha akamwachia.

Jioni hiyo, jua likiwa bado dirishani, mama yake alimkanda mgongo uliokuwa wa kiungo mkabaji. Alikuwa ameweka pini zote mezani, ishara kwamba ana neno.

"Lile goti lako la kwanza," alisema, "niliomba lije kwangu. Nililiomba kama mtu anavyoomba mvua. Halikuja."

"Ulikuwa unalitazama, mama. Daktari anasema likitazamwa halihami."

Mama alifikiri. Mikono yake haikusimama. "Kumbe ningeliacha," alisema. "Ningekutupia mgongo, lingenifuata."

"Ungeweza?"

"Sikuweza."

Msimu uliofuata akaja Cheche. Alikuwa binti wa fundi bomba, mfupi, mwenye hasira za karibu, na miguu ambayo haikujua kutembea. Hata akitumwa koni alikwenda mbio. Kocha alimwona akipiga mpira mara moja tu, akamwambia avae namba tisa. Namba hiyo ilikuwa imetundikwa stoo muda mrefu bila mwenyewe. Cheche alifunga katika kila mechi, na kila alipofunga kocha alijikuta ameinua mguu wake wa kulia hewani, ule mbovu, akaurudisha chini taratibu ili watu wasione. Alimfundisha vyote alivyovijua: kujificha nyuma ya beki, kupiga kabla kipa hajamaliza kupumua, kutoshangilia mapema. Hakumfundisha kuvumilia goti. Hilo alitaka life naye.

Goti la Cheche liliondoka kwenye mechi ya kirafiki ya mwisho kabla ya fainali, katika uwanja wa machimbo. Mguu ulizama kati ya kokoto, mwili ukageuka, mlio ukatoka. Kocha aliutambua kabla haujamfikia. Goti lake la kulia halikuwa na nafasi tena, kwa hiyo jeraha lilikwenda la kushoto. Alianguka kifudifudi juu ya chupa za maji. Cheche alisimama, akajipangusa vumbi, akaona mstarini hakuna mtu aliyesimama, akaanza kulia huku mpira ukiendelea.

Kesho yake mchana walikwenda wote nyumbani kwa kocha, wakajaa chumba cha mbele kati ya sare zilizoning'inia. Kocha alikuwa amelazwa kwenye kochi, magoti yote mawili yameegeshwa juu ya mito. Twiga, aliyekuwa nahodha, ndiye aliyesema.

"Kocha, tumekubaliana. Fainali tutakwenda, lakini hatutakimbia. Tutasimama, mpaka watupe daktari."

"Mtafungwa."

"Tufungwe."

"Mimi sichezi na goti lako," Cheche alisema, akitazama sakafu. "Nikilikunja nasikia aibu."

Mama yake kocha, kutoka kwenye cherehani, akasema bila kugeuka, "Waache. Hata mimi ningekuwa na timu ningesimama nayo."

Fainali ilichezwa kwenye uwanja mkubwa, majani yamepumzika vizuri. Kocha alibebwa na Twiga na Chiriku hadi kwenye benchi. Filimbi ilipopigwa, wasichana wa klabu walisimama kila mmoja kwenye nafasi yake, mikono nyuma, kama watu wanaosubiri kuhesabiwa. Wapinzani walipasiana mara kadhaa, wakafika mbele ya lango la Chiriku, wakamkuta ametulia anawasalimia. Mshambuliaji wao aliuweka mpira chini ya unyayo, akakosa la kufanya. Hata wao hawakuwa na daktari. Walikuwa na mfuko wa barafu ulioyeyuka njiani. Nahodha wao alimsogelea Twiga.

"Ni kweli yanayosemwa?" aliuliza kwa sauti ya chini. "Kocha wenu anapokea na ya wageni?"

"Hatujajaribu," Twiga alisema.

Wapinzani nao wakasimama. Mpira ukakaa katikati ya majani. Mwamuzi aliuzunguka, akatazama saa yake, akaandika onyo kwa mpira kwa kuchelewesha mchezo. Jukwaani watu hawakuzomea. Walinyamaza kama watu walioingia msibani bila kujua aliyekufa.

Wakati wa mapumziko mwenyekiti alishuka mwenyewe hadi kwenye benchi. Jasho lilikuwa limemtoka shingoni, maana kamati nzima ilikuwa jukwaani.

"Binti yangu, waambie wacheze."

"Wao wana masharti yao, mzee. Umeyasikia."

"Daktari watapata. Naahidi mbele yenu wote. Baada ya mechi hii nalipeleka kwenye kamati. Neno langu."

Wasichana wote walimgeukia kocha. Yeye hakumwamini mwenyekiti. Alikuwa amemsikia akiahidi tangu alipokuwa na magoti mawili. Lakini alimwona Cheche amesimama kando, namba tisa mgongoni, unyayo wake unakwaruza majani kama farasi aliyefungwa. Na ndani yake kitu ambacho si goti wala kifundo, kitu chake mwenyewe ambacho hakuna aliyempa, kikamuuma kwa hamu ya kuona goli. Angeweza kusema hapana. Baadaye, katika mchana mwingi wa kukaa, alilirudia jambo hilo na kila mara alifika palepale: angeweza kusema hapana.

"Kimbieni," alisema.

Wakakimbia. Wapinzani nao wakakimbia, na ukawa mchezo mzuri kuliko wote uliochezwa kwenye uwanja ule na watu wa jinsia yoyote. Karibu na mwisho, krosi iliingia kutoka kulia. Cheche alijificha nyuma ya beki, akachomoka, akapiga kabla kipa hajamaliza kupumua. Beki alikuwa amejirusha kumzuia, akaangukia bega kwa uzito, mfupa ukasikika. Beki huyo wa wageni aliinuka, akazungusha mkono, ukazunguka. Wote wawili, yeye na Cheche, walitazama mstarini. Kocha alikuwa ameshika mtulinga wake wa kulia kwa mkono wa kushoto, uso umebadilika rangi, na alikuwa anatabasamu. Goli lilikuwa safi.

Basi ikajulikana kwamba anapokea na ya wageni.

Mwenyekiti alikuwa mtu wa neno lake. Alilipeleka ombi kwenye kamati juma lilelile. Kamati iliuliza timu ya wanawake ilitoka fainali na majeruhi wangapi. Alijibu ukweli, kwamba hakuna. Mjumbe mmoja alipendekeza kocha atambuliwe kwa namna fulani, na wote wakaunga mkono. Klabu ikamnunulia kiti cha magurudumu chenye nembo upande wa nyuma. Mafundi walimwaga zege kando ya mstari, palepale alipozoea kusimama, ili kiti kisizame wakati wa mvua. Mwenyekiti alikata utepe. Daktari alikuwapo miongoni mwa waalikwa, akapiga makofi taratibu, macho yakiwa kwenye zege.

Timu za jirani ziliacha kuleta hata mfuko wa barafu zinapokuja kucheza. Wasichana wao walipita kwanza kwenye kiti kumsalimia kocha, wengine wakamshika mkono kwa mikono yote miwili, kisha wakaingia uwanjani na kucheza bila woga. Mama yake alihamisha cherehani karibu na dirisha la nyuma, ambako kuna nafasi ya beseni kubwa la kukandia. Cheche aliitwa timu ya taifa. Alikwenda huku akilia, akarudi na medali, akaivua shingoni na kumvisha kocha, na kocha akamwambia namna alivyopoteza mpira katika dakika za mwanzo.

Msimu mpya ulipoanza walikuja wasichana wapya. Mmoja wao, kiungo mwembamba ambaye hata soksi zake zilikuwa mpya, aliambiwa na wenzake aulize kabla ya mazoezi, kwa kuwa ndiyo adabu. Alikwenda hadi kwenye zege, akasimama mbele ya kiti, mikono nyuma.

"Shikamoo, kocha. Leo una nafasi wapi?"

Kocha alijikagua kidogo kidogo, kama mama mwenye nyumba anayekumbuka vyumba vyake.

"Bega la kushoto," alisema. "Na mkono wake mpaka chini. Haya, nenda kwenye nafasi yako, na ukienda kugombea mpira, usifumbe macho."

Akaweka filimbi mdomoni, pale lilipotoka jino la Chiriku, akapuliza.